Kioo safi bila sumu: Jinsi ya kutengeneza dawa ya madirisha nyumbani

MADIRISHA ya nyumba za Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, hupata adha ambazo nyumba nyingi za bara hazizijui. Upande wa magharibi liko Ziwa Victoria, ambalo kwa nyakati fulani hutoa makundi ya wadudu wadogo wanaokuja nchi kavu mithili ya wingu la moshi. Upande wa pili ipo barabara iendayo uwanja wa ndege pamoja na vumbi la vichochoro. Katikati ya hayo yote kuna soko la dagaa la Mwaloni, majiko ya mkaa na makaango ya mama lishe.

Matokeo yake ni kioo ambacho hufutwa asubuhi na jioni kikawa kimefifia tena. Kwa mwenye duka ambaye bidhaa zake huonekana kupitia kioo, au mwenye nyumba ya wageni anayetegemea sura ya jengo lake, kusafisha madirisha ni gharama ya kila wiki. Ndiyo maana watu wengi wameacha kununua dawa ya vioo iliyofungashwa kiwandani na kujitengenezea ya kwao kwa vitu vilivyomo jikoni.

Uamuzi huo ni wa busara, kwani dawa nzuri ya vioo haihitaji utaalamu mkubwa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu husahaulika. Vitu vilevile vinavyosafisha kioo vikichanganywa bila ujuzi huweza kutoa hewa ya sumu, kuwaka moto au kumdhuru mtoto aliyedhani amepata soda. Anayetaka kuokoa fedha yake hana budi kujua kwanza kila kitu kinafanya kazi gani, na kipi hakipaswi kukutana na kipi.

Uchafu wa aina tatu

Kabla ya kuchanganya chochote, inafaa kuujua uchafu wenyewe. Madirisha ya ukanda wa ziwa huchafuliwa na mambo matatu makubwa, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni vumbi. Mwanza ni mji wa mawe ya matale, na udongo unaotokana na kumomonyoka kwa mawe hayo una chembechembe nyingi za mchanga mgumu. Chembe hizo ni ngumu kuliko kioo chenyewe. Mtu anapochukua kitambaa kikavu na kusugua kioo chenye vumbi, hasafishi bali anakikwaruza. Mikwaruzo hiyo haionekani siku ya kwanza, lakini baada ya mwaka mmoja au miwili kioo huwa na ukungu usiotoka kwa dawa yoyote.

La pili ni wadudu wa ziwani. Hawa hukua majini wakiwa viluwiluwi, kisha hutoka kwa wingi kwa wakati mmoja. Watafiti wa Ziwa Victoria waligundua tangu katikati ya karne ya 20 kwamba baadhi yao hufuata mzunguko wa mwezi, wakitoka kwa wingi zaidi siku chache baada ya mwezi kuandama. Hawaumi kama mbu, lakini hufuata mwanga wa taa, hufa juu ya vioo na kuacha madoa yanayonata. Buibui nao huwafuata na kutandaza utando wao kwenye kona za madirisha.

La tatu ni mafuta na masizi. Moshi wa mkaa, mvuke wa mafuta ya kukaangia, pumzi za watu na alama za vidole huacha juu ya kioo utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ndio unaoshika vumbi jipya na ndio unaosababisha michirizi pale kioo kinapofutwa kwa maji matupu, kwa sababu maji na mafuta havipatani.

Aidha, yapo madoa meupe yanayoachwa na maji yenye madini. Maji ya Ziwa Victoria hayana chokaa nyingi, hivyo anayetumia maji ya bomba yatokayo ziwani husumbuliwa kidogo na tatizo hilo. Anayetumia maji ya kisima, ambayo yanaweza kuwa na madini zaidi, ataona alama za matone zilizokauka mithili ya chumvi.

Kazi ya kila kitu

Maji ndiyo sehemu kubwa ya dawa yoyote ya vioo. Hulainisha vumbi na kuliondoa. Yafaa yawe masafi. Maji yenye tope au madini huacha alama zake yenyewe hata kama dawa ni nzuri kiasi gani.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo huvunja ule utando wa mafuta. Chembe zake zina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda mafuta, hivyo huyashika mafuta na kuyafanya yaondoke pamoja na maji. Kosa kubwa la wengi ni kuizidisha. Povu likiwa jingi, sabuni yenyewe hubaki juu ya kioo na kuwa chanzo cha michirizi.

Siki nyeupe, ile inayotumika kwenye kachumbari na chipsi, ni tindikali dhaifu. Aghalabu huwa na asilimia 4 hadi 5 ya tindikali. Huyeyusha chokaa na mabaki ya sabuni, na harufu yake huisha kioo kinapokauka. Siki yenye rangi au iliyotiwa sukari haifai, kwani huacha unata.

Spiriti, ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, huyeyusha mafuta na hukauka haraka sana. Kukauka haraka ndiko kunakozuia michirizi, kwa kuwa maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kukaukia mahali pamoja.

Ndimu au limau vinaweza kushika nafasi ya siki pale siki inapokosekana. Tofauti ni kwamba maji ya ndimu yana sukari na nyuzi za tunda, hivyo ni lazima yachujwe na dawa itumike siku hiyo hiyo.

Magadi hayapaswi kutiwa ndani ya dawa ya vioo. Wengi hupendezwa na povu linalofuka pale magadi yanapokutana na siki, wakidhani ni nguvu ya kusafisha. Ukweli ni kwamba vitu hivyo viwili huuana nguvu: tindikali humalizwa na magadi, na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi yatakayoacha weupe juu ya kioo. Kila kimoja kina kazi yake, lakini si ndani ya chupa moja.

Vipimo vya dawa tatu

Dawa ya kwanza ni ya matumizi ya kila siku. Chukua maji safi mililita 750, siki nyeupe mililita 250 na matone matatu au manne ya sabuni ya vyombo. Changanya taratibu bila kutikisa sana ili povu lisijae, kisha tia kwenye chupa ya kupulizia. Lita moja ya siki hutosha kutengeneza lita nne za dawa hii, na hapo ndipo ilipo nafuu ya fedha.

Dawa ya pili ni kwa vioo vyenye mafuta mengi, kama vile vya jikoni, vya migahawa na vya kabati za kuwekea vitafunwa. Chukua maji mililita 700, spiriti mililita 250 na siki mililita 50. Hii haihitaji sabuni. Itengenezwe kidogo kidogo, kwa kuwa spiriti huruka hewani kila chupa inapofunguliwa.

Dawa ya tatu ni ya nje, kwa madirisha yaliyojaa wadudu na vumbi la wiki nyingi. Ndoo ya maji lita tano hutiwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji. Kioo huoshwa kwa sifongo laini, huachwa dakika chache ili madoa ya wadudu yalainike, kisha huoshwa tena kwa maji matupu. Baada ya hapo dawa ya kwanza hutumika kumalizia.

Kwa asiye na chupa ya kupulizia, kitambaa kilichochovywa na kukamuliwa vizuri hufanya kazi ileile.

Namna ya kusafisha

Dawa nzuri hushindwa pale kazi inapofanywa vibaya. Jambo la kwanza ni wakati. Kirumba iko ukingoni mwa ghuba ya Mwanza kwa upande wa mashariki, hivyo madirisha yanayotazama ziwa hupigwa na jua la alasiri. Kioo chenye joto hukausha dawa kabla haijafutwa, na hapo michirizi haikwepeki. Madirisha hayo yasafishwe asubuhi, na yale yanayotazama mashariki yasafishwe jioni au siku ya mawingu.

Jambo la pili ni utaratibu. Anza na wavu wa mbu na fremu, kwa sababu uchafu wake ukiloana hutiririka juu ya kioo. Tumia brashi laini kuondoa vumbi, wadudu waliokufa na utando wa buibui vingali vikavu, bila kusugua kioo chenyewe. Kisha osha, pulizia dawa na ufute kutoka juu kwenda chini.

Ujanja mmoja wa wasafishaji ni kufuta upande wa ndani kwa kwenda kulia na kushoto, na upande wa nje kwa kwenda juu na chini. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake huonyesha mara moja uko upande gani.

Jambo la tatu ni kitambaa. Fulana kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi, ni bora kuliko taulo jipya linaloacha nyuzi. Gazeti la zamani nalo limetumika kwa miaka mingi kung'arishia vioo vya madirisha na vya taa za chemli, kwa kuwa karatasi yake hunyonya maji na haiachi nyuzi. Hata hivyo wino wake huweza kuchafua mikono na fremu nyeupe, hivyo litumike kwa kumalizia tu, kioo kikiwa kimebakiwa na unyevu kidogo.

Mahali ambapo dawa hizi hazifai

Siki, licha ya upole wake, haifai kila mahali. Sakafu na vizingiti vya marumaru au terazo vina chokaa, na tindikali huvila taratibu hadi vikapoteza mng'aro. Dawa ikidondoka hapo ifutwe upesi.

Vioo vya magari na vya maofisi vilivyobandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua havipaswi kuguswa na spiriti wala amonia, kwani karatasi hiyo huharibika na kuanza kubanduka. Vivyo hivyo vioo vya televisheni, kompyuta na simu vina utando maalumu usiostahimili dawa ya madirisha. Kwa kioo cha kujitazama, dawa ipuliziwe kwenye kitambaa na si kwenye kioo, kwa sababu maji yakipenya nyuma kwenye kingo huacha madoa meusi yasiyotoka.

Michanganyiko inayoua

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo ina klorini na hupatikana karibu kila nyumba. Wapo wanaodhani kwamba ikiwa siki inasafisha na dawa hiyo inasafisha, basi zikiungana zitasafisha maradufu. Sivyo. Dawa ya klorini ikikutana na siki, ndimu au tindikali nyingine yoyote, hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumika kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha wazi, hata kiasi kidogo hukaba pumzi, huchoma macho na huweza kujeruhi mapafu.

Klorini ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za vioo za viwandani, hutoa hewa nyingine ya sumu yenye madhara yanayofanana. Kwa hiyo kanuni ni moja: dawa yenye klorini haichanganywi na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Pia chupa iliyokuwa na dawa hiyo isitumiwe kuwekea dawa ya vioo, hata kama imesuuzwa.

Anayesikia harufu kali baada ya kuchanganya vitu asiendelee kuinama juu ya ndoo akitafuta kilichotokea. Atoke nje mara moja, awatoe na wengine, aache milango wazi. Kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea, aende kituo cha afya bila kusubiri kesho.

Hatari ya pili ni moto. Mwaka 1933, dawa ya vioo ya Windex ilipobuniwa nchini Marekani, ilikuwa karibu yote ni kimiminika kinachoshika moto, na iliuzwa ndani ya makopo ya bati. Watengenezaji wa baadaye walipunguza sehemu hiyo na kuongeza maji. Anayetengeneza dawa nyumbani anapaswa kukumbuka somo hilo. Spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu bado hutoa mvuke unaoweza kuwaka katika joto la kawaida la mchana wa Mwanza. Ndiyo maana vipimo vilivyotajwa hapo juu vinaiweka robo tu, na hata hivyo dawa hiyo isitengenezwe wala kupuliziwa karibu na jiko la mkaa, la gesi au sigara.

Hatari ya tatu ni tindikali kali inayouzwa katika maduka ya kemikali, ambayo wengine huinunua ili kutengeneza siki kwa bei rahisi. Tindikali hiyo ikiwa haijapunguzwa huunguza ngozi na macho. Kazi hiyo iachiwe wenye mafunzo na vifaa.

Chupa ya soda si ya dawa

Katika nyumba nyingi, dawa iliyotengenezwa huishia kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hapo ndipo msiba unapoanzia. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hajui kusoma, lakini anaijua chupa ya soda. Spiriti ya viwandani, ambayo aghalabu hutiwa rangi ya zambarau, ina sumu iitwayo methanoli inayoweza kupofusha macho na kuua. Hata ile ya kusafishia vidonda ni hatari kwa mtoto.

Tumia chupa ya kupulizia ambayo haikuwahi kuwa ya kinywaji. Bandika karatasi yenye maneno makubwa: DAWA YA VIOO, SI YA KUNYWA, pamoja na vitu vilivyomo na tarehe ya kutengenezwa. Iwekwe juu, mbali na vyakula.

Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika, kwani kinachorudi huweza kuingia kwenye mapafu. Asukutuliwe mdomo kwa maji na apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe ili mganga ajue alichokunywa. Imani ya kumpa maziwa kwanza isiwe sababu ya kuchelewesha safari. Dawa ikiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Ziwa nalo ni mdau

Maji ya bomba ya Mwanza hutoka katika ziwa lilelile linalopokea maji machafu ya mitaa ya mwinuko. Kinachomwagwa mferejini Kirumba hakiendi mbali. Sabuni zenye fosfeti hulisha mwani na mimea ya majini, na wakazi wa kandokando ya ziwa hawajasahau jinsi magugu maji yalivyotapakaa katika miaka ya 1990.

Siki na sabuni kidogo si tishio kubwa kama maji taka ya miji, lakini kila nyumba inayotumia matone manne badala ya kikombe kizima cha sabuni hupunguza mzigo huo. Maji ya kuoshea yamwagwe kwenye udongo wenye mimea na si moja kwa moja ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Njia nyingine ya kulinda ziwa na mfuko ni kuzuia uchafu usifike. Siku za mwezi mchanga, pale wadudu wanapotoka kwa wingi, taa za nje zikizimwa mapema na mapazia yakifungwa, madirisha huamka na madoa machache zaidi.

Anayetaka kuuza

Wapo wanaoanza kwa kutengeneza ya nyumbani na hatimaye kuona biashara. Hapo mambo hubadilika. Kinachotumiwa na mtengenezaji mwenyewe ni dhamana yake. Kinachouzwa ni dhamana ya umma. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ndilo lenye kusimamia ubora, na Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 imempa Mkemia Mkuu wa Serikali jukumu la kusimamia kemikali hizo.

Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia katika Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo lina ofisi mkoani Mwanza na limekuwa likifundisha utengenezaji wa sabuni na kuwaongoza wajasiriamali katika taratibu za viwango. Kuuza dawa isiyo na nembo wala maelezo, ndani ya chupa za maji ya kunywa zilizookotwa, ni kumhamishia mnunuzi hatari ileile iliyoelezwa hapo juu.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Usemi huo huwa kweli pale urahisi unapotafutwa kwa kubahatisha. Kwa anayepima kwa kipimo, anayeandika jina kwenye chupa na anayeiweka klorini mbali na siki, robo lita ya siki na maji ya bomba vinatosha kumrudishia mwanga wa ziwa ndani ya nyumba.